Nilivyozungushia Masale Nyumba Isiyo Yangu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Najua mtacheka. Anayestaafu ni mwalimu mwenye mvi, anaagwa kwa godoro na saa ya ukutani, siyo mimi niliyeondoka na flaski ya kazini kwa kusahau. Lakini kazi ya kushika ufunguo wa nyumba ya mfano, ile ya kuonyeshea wateja, sitaifanya tena hata mnifunge kamba, na kazi usiyokusudia kuirudia umeshaistaafu. Flaski nitairudisha. Ninyi wadogo zangu wawili mlioingia baada yangu mmenipigia simu kuuliza kazi ikoje. Haielezeki kwenye simu. Kaeni, nawaandikia.

Kwanza mjue mmeingia wapi. Mradi wetu pale Shirimatunda ni ndoa. Serikali ilileta ardhi, barabara ya changarawe na ahadi ya maji. Kampuni ya majengo ikaleta saruji, mafundi na Mama Shayo. Ndoa yenyewe waliiita ubia, na mtoto wake ndiyo nyumba nafuu: vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani, kwa ajili ya mwalimu wa msingi, nesi, mama ntilie mwenye kibanda kinachoeleweka. Taratibu zililegezwa ili mambo yaende. Vibali vilitoka upesi, viwanja vikawa vidogo kuliko zamani, mnunuzi akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Na kama ndoa nyingine, wazazi waligombana mbele ya watoto. Watoto tulikuwa sisi wa mlangoni.

Siku ya kwanza Mama Shayo, meneja wa mauzo, mwanamke wa Marangu anayetembea kama amechelewa ubatizo wa mwanawe, alinikabidhi ufunguo, flaski na kapu la ndala.

"Mteja avue viatu mlangoni, avae ndala," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Mtu akishavua viatu, miguu yake inaanza kuzoea kwamba ni kwake. Halafu vigae havichafuki."

Nikaona huyu mama ana akili. Mpaka leo naona hivyo, ingawa kuna kipindi nikimwona mjini nilikuwa navuka barabara.

Akanizungusha nyumba nzima. Bomba la jikoni halikuungwa popote. Friji lilikuwa ganda tupu. Matunda mezani yalikuwa ya plastiki, na hapa Moshi, mahali ambapo ndizi zinaoza shambani, waliagiza ndizi za plastiki. Kitanda cha chumba cha pili kilichongwa kifupi makusudi ili chumba kionekane kikubwa.

"Mteja mrefu akitaka kujilaza?" nikauliza.

"Mpe chai."

Ndiyo maana ya flaski. Kila swali ambalo nyumba haikuwa na jibu lake, nilimimina chai. Wiki zile za mwanzo nilimimina sana.

Mimi nimeishia kidato cha nne, matokeo yangu hayakutangazwa kanisani. Ila naongea. Mama Shayo alinichukua kwa sababu hiyo, na kwa sababu nilimwambia ukweli kwenye usaili: nina mtoto mmoja, Manka, wakati ule alikuwa na miaka minne, baba yake alikuwa mpagazi, akapanda mlima na wageni, akashukia upande mwingine. Tunakaa Rau, chumba kimoja, kwa Mzee Tarimo. Mama Shayo aliguna, akaniuliza kama naweza kuanza Jumatatu.

Niwaambie kuhusu Mzee Tarimo, maana bila yeye hamtaelewa hasira zangu. Si mtu mbaya. Kanisani anaimba besi. Ila katika miaka yote niliyopanga kwake hakuwahi kupiga hodi. Anasukuma mlango, anaingia, anaangalia dari kama ameisahau, anatoka. Siku moja namwogesha Manka kwenye beseni katikati ya chumba, mzee huyo ndani, na kofia kichwani.

"Mzee, hata hodi?"

"Hodi ya nini, binti? Mtu anapiga hodi kwake?"

Nyumba kweli ni yake. Sikutaka utajiri, wadogo zangu, wala vigae. Nilichotaka ni mlango ambao mtu mwingine atasimama nje yake, aseme hodi, asubiri.

Nyumbani Kibosho kipo kihamba cha marehemu baba, shamba la urithi la migomba na kahawa, na kama desturi ilivyo kimekwenda kwa kitinda mimba, mdogo wangu wa kiume. Mimi nikienda napewa mkungu wa ndizi na kuambiwa karibu tena. Karibu ni neno la mgeni.

Siku ambazo Manka hakuwa na mtu wa kumwangalia nilikwenda naye kazini. Alilala mchana kwenye kile kitanda kifupi na kilimtosha kabisa. Nyumba yetu ya mfano ilimtosha mtu mmoja tu mkoa mzima. Tatizo, jioni nikimfungia sandali turudi Rau, aliuliza, "Mama, tunakwenda kwa Mzee Tarimo, halafu kesho tunarudi nyumbani?" Nilimjibu ndiyo. Ningemwambiaje?

Sasa kesi ngumu. Ngumu kuliko zote ni wazee waliosindikiza watoto wao kununua. Alikuja baba mmoja wa Uru, kofia ya pama, fimbo, na mwanawe mwalimu. Nikamwamkia, akaitikia, akavua viatu, akavaa ndala, akatembea nyumba nzima. Akatoka nyuma akasimama.

"Ng'ombe atalala wapi?"

"Baba, hii ni nyumba ya kisasa. Hakuna ng'ombe."

"Mgomba?"

"Unaweza kupata nafasi ya mmoja hapo pembeni."

"Mmoja." Akaangalia ile pembeni. "Na mtu akifa anazikwa wapi?"

"Baba, hii ni nyumba ya kisasa."

"Watu wa kisasa hawafi?"

Nikammiminia chai. Jifunzeni hapo: msimwambie mzee neno kisasa. Mwambieni ni nyumba ya kufanyia kazi mjini, kihamba kiko palepale. Niliposema hivyo kwa waliofuata, wazee walitulia, wakaanza kugonga kuta kwa fimbo kama watu wanaonunua kweli. Yule mwalimu alirudi peke yake akanunua. Baba yake alileta mche wa mgomba.

Na nyumba zilinunuliwa, nisiwe mwongo. Niligawa fomu za maombi kama njugu za harusi. Nilijua kuzieleza hata nikiwa usingizini: kianzio kidogo, mwajiri athibitishe, kinachobaki unalipa kila mwezi kama kodi. "Kama unaweza kulipa kodi ya chumba, unaweza kulipa hii," niliwaambia watu, mkono kifuani, sauti ya mahubiri. Walimu wakajaza. Fundi cherehani akajaza. Mimi nalipa kodi ya chumba, nina mwajiri, kalamu iko mkononi, na wala haikunijia kwamba hayo maneno yanayotoka kinywani mwangu yanaweza kuingia masikioni mwangu. Nilihubiri dini ambayo sikubatizwa.

Badala yake nilishikilia sentensi moja ya Mama Shayo. Aliisema tukila mtori kwenye ngazi za nyumba ya mfano, mwezi wangu wa pili au wa tatu. "Mama Manka, wateja kwanza. Zitakazobaki, wafanyakazi tutaangaliwa."

Tutaangaliwa. Nilitembea na neno hilo kama mtu aliyepewa hati.

Nilishachagua. Ilikuwa nyumba ya mwisho ya safu ya nyuma, upande wa mfereji, ambako asubuhi kama hakuna mawingu unaona mlima wote mpaka kofia. Sasa hesabu yangu ilikuwa nyepesi: zitakazobaki tutaangaliwa, basi kazi yangu ni kuhakikisha hii inabaki. Ni hesabu ya kidato cha nne, najua.

Nafasi ikaja yenyewe. Kamati ya ubia ilikuwa inakuja kukagua, na Mama Shayo akataka kijani mbele ya nyumba, lakini kampuni haikuwa na fungu la maua. "Tafuta majani ya bure," akaniambia. "Kwenu Kibosho hamna majani?"

Majani tunayo. Jumamosi nilipanda Kibosho kwa mama, nikamkuta anakatia ng'ombe majani, nikamwomba vijiti vya masale.

Ninyi mmekulia mjini lakini masale mnayajua. Ndiyo mmea wetu wa mpaka. Ukiona masale yamesimama mstari, hapo pana mwenyewe, huvuki, hung'oi, hata kama mwenyewe yuko Dar miaka kumi. Na ukimkosea mtu ukamwendea na jani la masale mkononi, hawezi kukufukuza; lazima akae, akusikilize, yaishe. Nchi nyingine wana mahakama.

"Unayapanda wapi?" mama akauliza.

"Kazini."

"Kazini ndiyo kwako?"

"Bado."

Akakata vijiti, akavifunga kwa kamba ya mgomba, akaniwekea kichwani. "Masale hayapandwi mahali pa bado," akasema. Nikamwambia ni mapambo tu. Mama alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimwambia nimeshaoga.

Vijiti vilitosha kuzunguka nyumba moja. Nadhani mnajua ipi.

Nilivipanda vizuri, vimekaribiana, pande zote nne, nikaacha mlango mdogo mbele. Masale hayana kiburi, yalishika ndani ya mvua za kwanza. Kamati ilipokuja, Bwana Msuya wa upande wa serikali, Mpare, alisifu. "Wachaga mmejifunza maua sasa?" Mama Shayo alikuwa nyuma yake. Aliyaangalia yale majani, akaniangalia mimi, akayaangalia tena, akakohoa.

Na yakafanya kazi. Niliona kwa macho yangu wateja wakishuka safu ya nyuma wakichekelea, wakifika pale wanapunguza mwendo, wanasimama, wanazungumza kwa sauti ndogo kama wako msibani. Hakuna aliyepita ule mlango mdogo. Nesi mmoja wa hospitali ya Mawenzi, mama wa mapacha, aliipenda sana ile nyumba kwa ajili ya mlima. Akasimama kando ya majani, akaniuliza, "Dada, hii ina mwenyewe?"

Nikasema, "Ee."

"Ana bahati," akasema. Akachukua inayoifuata. Ninamkumbuka kwa sababu aliongeza, "Basi atakuwa jirani yangu, naona ni mtu wa desturi." Nikasema anaonekana hivyo, ndiyo.

Nyumba zote za safu ile ziliisha. Ikabaki moja. Nilianza kumwambia Manka chumba chake kitakuwa kipi. Nilipima madirisha kwa kanga.

Halafu kamati ikakutana, sebuleni kwenye nyumba ya mfano, mimi nikimimina chai. Bwana Msuya alikuwa anafunga mambo. "Kwa makubaliano ya ubia," akasema, "nyumba isiyopata mnunuzi wa kundi lililolengwa kwa mwaka mzima inatoka kwenye bei nafuu, inaingia soko la kawaida. Tulikubali hivyo ili kampuni isibaki imekumbatia tofali. Iko moja tu. Ile ya mwisho. Kwanza kwa nini ile haikuuzwa? Si ndiyo nzuri kuliko zote?"

Mama Shayo akakoroga chai isiyo na sukari.

"Wateja waliiogopa," akasema.

"Waliogopa nini?"

"Majani."

Msuya akacheka mpaka miwani ikashuka. "Mchaga anaogopa majani? Ningeambiwa anaogopa hasara ningeelewa."

"Na Mpare, kwa kupenda kesi, angeyashtaki," Mama Shayo akamjibu, wakacheka wote, kikao kikaendelea na ajenda ya taa za barabarani. Mimi nilikuwa nimesimama na flaski. Chai ilijaa kikombe cha Msuya, ikajaa kisahani, ikaanza kushuka mezani.

Nilimsubiri Mama Shayo kwenye gari lake.

"Ulisema zitakazobaki tutaangaliwa."

"Mama Manka. Ulijaza fomu?"

"Ulisema zitakazobaki."

"Nilisema, na nilidhani zitabaki nyingi. Lakini ulijaza fomu? Mwaka mzima zimelala mezani kwako."

Nikahamishia flaski mkono wa pili.

"Ungejaza ningekupitisha wa kwanza. Mshahara wako unajulikana, mwajiri wako ni mimi, ningejithibitishia mwenyewe." Akafungua mlango wa gari, akaufunga tena. "Nilipoona yale masale nikajua unaitaka. Nikasema kesho ataleta fomu. Nikasubiri. Mtu anayeweka mpaka kwenye nyumba ya serikali anashindwaje kujaza karatasi?"

Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki, Manka atakuja kusoma haya. Yalihusu yeye, kamati, ubia na vigae. Niliwakasirikia wote, na bado nimewakasirikia: sheria gani hiyo, nyumba ya maskini ikikosa maskini kwa mwaka inapewa mwenye hela, badala ya kumtafuta maskini zaidi? Maskini mwenyewe alikuwa amesimama palepale anamimina chai. Hakuna aliyegeuza shingo. Lakini kila nilipowatukana wao, mbele ya macho yangu nilijiona nikiwa na jembe, nimepinda mgongo, nawapandia kwa mikono yangu.

Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa Dar, mstaarabu, mwenye sauti ya chini. Alitaka mahali pa kulaza wageni wa mlimani. Nilimpa ndala, nikamzungusha. Alipita katikati ya masale kama anapita kwenye pazia. Hakusimama. Kwake yalikuwa majani.

"Mazuri haya," akasema. "Yanaitwaje?"

"Masale."

"Yana kazi yoyote?"

"Yanazuia watu," nikamwambia.

"Hayajanizuia mimi," akasema akitabasamu. Ndivyo ilivyokuwa. Niliwazuia watu wote waliojua kuyasoma, nikamwachia njia mmoja asiyejua.

Aliponunua akataka kuongeza kibaraza, na majani yalikuwa njiani. Fundi wa kwanza alikuwa wa Machame. Alikuja na chepeo, akaangalia, akauliza nani alipanda. Akaambiwa. Akasema aliyepanda ndiye ang'oe, akaondoka. Wa pili wa Kilema, hivyohivyo. Wa tatu alikubali, halafu usiku mama yake akampigia simu. Bwana wa Dar hakuelewa kwa nini mkoa mzima umekosa mtu wa kung'oa maua.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi, nauza vitumbua Rau karibu na msitu. Jumapili baada ya ibada naona gari la Mama Shayo linakatiza tope. Akashuka na viatu vyake vya ofisini, jani la masale mkononi.

Nikamwambia, "Umelitoa wapi hilo?"

"Kwako," akasema. "Nilipiga hodi kwanza. Hakuna aliyeitikia, nikachuma moja."

Nilitaka kumfukuza. Kinywa kilishakuwa wazi. Lakini jani ni jani. Nikamwekea kigoda, akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Akasema amekuja kuomba mambo mawili: nimsamehe kwa kunisubiri nijaze fomu badala ya kuniambia jaza, na nikang'oe masale yangu. Akasema awamu ya pili ya mradi inakuja. Akatoa fomu kwenye pochi, akaiweka juu ya sinia la vitumbua. Mafuta yakaanza kuingia.

"Tutaangaliwa?" nikamuuliza.

"Wewe jaza," akasema. "Mimi nimeacha kuahidi."

Nikaijaza palepale, kwenye goti, naye akashika sinia.

Kesho yake nilikwenda kung'oa. Nesi wa Mawenzi alikuwa anaanika nguo za mapacha. Akaniona na chepeo katikati ya mstari, akaelewa yule mtu wa desturi alikuwa nani. Aliingia ndani, akatoka na chepeo lake, akaanzia upande wa pili.

Awamu ya pili haijaanza. Wanasubiri maji, kila upande unasema ni zamu ya mwenzake, mnajua ndoa zilivyo. Huenda nikapata, huenda nikakosa. Wadogo zangu, ninachowaomba ni hiki: hizo fomu zilizo mezani, kabla hamjampa mteja wa kwanza kesho asubuhi, kila mmoja achomoe ya kwake.

Masale sikuweza kuyatupa. Niliyapanda kwenye ndoo mbili za rangi na kuziweka mlangoni kwangu, moja kila upande, mpaka nitakapopata pa kuyapeleka. Mama nilimwambia, akasema angalau sasa yako kwenye bado yako mwenyewe.

Juzi mwisho wa mwezi nilikuwa ndani namsuka Manka. Nikasikia makubadhi ya Mzee Tarimo yanakuja uani, yale ninayoyajua, yasiyopunguza mwendo. Yakafika mlangoni. Yakasimama. Nikamwona kwa upenyo wa pazia, anaziangalia zile ndoo, moja, halafu ya pili. Akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Manka akageuza kichwa kunitazama. Nikamshika asisogee, nikamalizia tuta la nywele nililokuwa nalo mkononi, taratibu, mpaka ncha.

"Hodi wenyewe," mzee akarudia.

Ndipo nikamwambia karibu.